Usimwache mtoto mahabusu eti akome

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu, hasa sisi wa vijijini huku Tandahimba.

Mwaka jana, mwezi wa tano, mwanangu wa kiume aliingia shamba la jirani na panga, akafyeka miche 14 ya mikorosho, miche ya kubebeshwa, ya mwaka wa pili. Alikuwa amempalilia mzee huyo siku sita kwa makubaliano ya shilingi 30,000, akawa anazungushwa njoo kesho, njoo kesho, mpaka hasira zikampanda. Sisemi alifanya vema. Mkorosho kwetu ndio ada ya shule, ndio bati, ndio mahari. Mzee alikwenda polisi, na alikuwa na haki ya kwenda.

Niliposikia mtoto amechukuliwa nilikuwa nakaanga samaki barazani. Nikasema kwa sauti, watu wasikie: "Mwacheni alale huko, akome!" Nikaendelea kukaanga. Wazazi wengi tunasema hivyo. Tunaona aibu mbele ya majirani, basi tunamtupa mtoto ili tuonekane sisi hatukumfunza hayo.

Kesho yake mchana ndipo nilipokwenda na kaka yangu, maana kwetu Wamakonde jambo la mtoto haliendi bila mjomba. Tukakuta maelezo yameshaandikwa, mwanangu ameshaweka dole gumba, na umri umeandikwa miaka 19. Ni mrefu, sauti imeshakuwa nzito, na alipoulizwa aliitikia tu kwa woga. Alikuwa na miaka 15! Usiku kucha alilala chumba kimoja na watu wazima.

Mjomba wake akauliza kwa upole, "Afande, huyu mnampeleka kama mtu mzima?" Nikapanda bodaboda kurudi nyumbani kutafuta kadi ya kliniki, maana cheti cha kuzaliwa hatukuwahi kumkatia. Nikaipata chini ya godoro, imeliwa na mende pembeni, lakini tarehe inasomeka. Kuanzia hapo mambo yakageuka. Akaitwa afisa ustawi wa jamii, na jioni ile ile tukamwekea dhamana, mimi na mjomba wake.

Afisa yule alitueleza mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Hachanganywi na watu wazima mahabusu. Shauri lake linasikilizwa Mahakama ya Watoto, faraghani, afisa ustawi akiwepo, na mzazi ana haki ya kuwepo. Mtoto hafungwi jela. Mahakama inaweza kumwachia kwa masharti, au kumweka chini ya uangalizi, na mzazi anaweza kuamriwa kulipa fidia. Haya yote yanasimama juu ya umri, na umri unahitaji karatasi.

Sisi tuliwekewa masharti na kutakiwa kulipa fidia. Nililipa kwa awamu baada ya mnada wa korosho. Mwanangu alichimba mashimo 14 kwa mikono yake, na mvua za Desemba zilipoanza akapanda miche mipya. Mzee naye, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, alimlipa ile 30,000.

Mhariri, nakuomba uandike kwa kirefu habari za Mahakama ya Watoto. Na wewe mzazi, ukisikia mwanao amekamatwa, kosa lolote lile, acha unachokaanga. Chukua cheti au kadi, mchukue mjomba, nenda saa hiyo hiyo, uliza ustawi wa jamii. Kugomba utagomba nyumbani.

Mpaka leo mwanangu hajanisimulia usiku ule. Nikimuuliza, anachukua ndoo anakwenda kumwagilia miche ya mzee.

Mama muuza samaki,
Tandahimba, Mtwara