Ufuo mnaouita mtupu una wenyewe

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kutoka Jinja, sisi huku wazima. Naandika kuhusu ile makala ya safari mliyotoa juzijuzi, ile ya kuwahimiza vijana wa Uganda wapande basi mpaka pwani ya Kenya wakatafute fukwe za mbali kama ule wa Mambrui wakasefu, yaani wateleze juu ya mawimbi na bodi, manake huko ati hamna foleni, hamna makelele, wimbi lote lako peke yako. Nimeisoma nikaipenda, siwezi kusema uongo, hata picha ilinifanya nianze kupiga hesabu ya nauli. Ila kuna kitu mwandishi wenu amekiruka, tena kikubwa, na mimi ninayekula kwa maji nimeshindwa kunyamaza. Amesifu upweke wa ule ufuo mwanzo mpaka mwisho bila kuuliza ukipigwa na wimbi ukapotea nani atajua. Halafu ati "hakuna mtu". Hebu iangalieni tena hiyo picha yenu wenyewe, kona ya kushoto kuna mtumbwi umepandishwa mchangani na nyavu zimeanikwa. Huo mtumbwi ulijipandisha?

Kazi yangu ni ya rafti, yale maboti ya mpira ya kushusha watu kwenye maporomoko, hapa mto Nile. Siku nyingine naongoza rafti yenyewe, siku nyingine nakaa kwenye kayaki ya usalama, zile ndogo zinazotangulia chini ya maporomoko kusubiri rafti ipinduke ziokote watu. Kwetu hamna rafti inayoondoka bila hizo kayaki, hata mgeni aseme yeye ni bingwa wa kuogelea kwao, hata alete medali. Laif jaketi utavaa, helmeti utavaa, na utaonyeshwa jinsi ya kukaa majini ukianguka, chali, miguu mbele, vidole vionekane juu ya maji. Sasa mtu huyohuyo tunayemfunga hivo Jinja anapanda basi, anafika ufuo ambao hajawahi kuuona, anakodi bodi na kuingia baharini peke yake alfajiri kwa sababu gazeti limemwambia kutokuwa na watu ndo uzuri wenyewe. Jamani.

Tena sisi watu wa mto naona ndo tuko hatarini zaidi kuliko asiyejua maji kabisa, maana yeye anaogopa na sisi tunaingia na kiburi. Wimbi letu la Nile Special kule upande wa Kayunga, ambalo kina Sadat Kawawa wanalicheza na kayaki mpaka wazungu wanashika kichwa, lenyewe limesimama palepale, halitembei. Chini kuna mwamba, maji yanapita juu yake yanajikunja, na mradi mabwawa ya juu hayajabadilisha kiasi cha maji, wimbi la leo ndo la kesho. Ukianguka mto unakusukuma mpaka kwenye maji tulivu ya pembeni, unarudi kupanga laini na wenzako. Baharini ni kinyume, wimbi ndo linasafiri. Linaweza kuwa limezaliwa na dhoruba huko kusini kabisa maelfu ya kilomita, linakuja limelala hata hulioni, likifika maji mafupi ndo linainuka. Wimbi la mita 1 linavunjika likikuta kina cha mita 1 na ushei hivi, kwa hio anayejua kusoma akitazama tu mahali povu linapopasuka ameshajua chini kukoje.

Na sehemu kubwa ya pwani ya Kenya ina mwamba wa matumbawe kule nje, mawimbi yanakufa hukohuko, huku ndani watu wanaoga tu na watoto. Lakini ukifika Malindi na kupanda juu mpaka Mambrui, mto Sabaki unamwaga tope na maji yasiyo na chumvi na matumbawe hayawezi vitu hivyo, basi pale mwamba umekatika na mawimbi yanaingia moja kwa moja mpaka mchangani, hasa kusi linapovuma, kuanzia kama Aprili mpaka Septemba. Hapo ndo pa kusefu kweli, mwandishi hakukosea kupasifu. Ila huko chini hamna jiwe la kulishika wimbi mahali pamoja, ni mafungu ya mchanga, na mafungu yanahama. Bahari ikichafuka siku mbili tatu fungu ulilolijua halipo, liko kule. Hata mwenyeji anaamka, anasimama, anatazama kwanza. (Hapo mdomoni mwa Sabaki kuna viboko pia, hilo nalo halikuandikwa, lakini wacha tuendelee.)

Nilikuwa Mambrui na jamaa mmoja wa Kampala, kijana mzuri, ana kifua, jim hakosi. Akatazama maji akaona huku povu linapasuka, kule povu linapasuka, na katikati kuna kama kichochoro kimetulia, maji yake rangi yamekolea kidogo. Akachagua hapo katikati, na nani asingechagua hapo? Palikuwa na mzee ameketi chini anashona nyavu, uzi kaubana kwa kidole gumba cha mguu ili usilegee. Nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, halafu bila kuacha sindano yake akanyoosha kidevu kule kwa rafiki yangu akaniuliza, huyo mwenzio anajua kama pale ndipo maji yanapotokea? Sijamaliza hata kumjibu, jamaa ameshakwenda nje mbali, anapiga mikono kuelekea kwetu na badala ya kukaribia anazidi kuwa mdogo. Mzee akasimama, akapiga mluzi wa vidole, akaonyesha kwa mkono mzima, pembeni, pembeni! Bahati ile kamba ya bodi alikuwa kaifunga mguuni, kwa hio bodi anayo, akaacha kushindana, akalala juu yake akapiga mikono kufuata ufuo mpaka akafika kwenye povu na povu lenyewe likamrudisha ndani. Alitoka midomo imepauka, hana neno. Mzee alikuwa ameshaketi na nyavu zake.

Kilichotokea ni kitu cha kueleza kwa sentensi chache tu na makala yenu ilikuwa ukurasa mzima. Mawimbi yanasukuma maji mengi kupita juu ya fungu, yale maji lazima yarudi, na yanarudi kwa pale fungu lilipoachia nafasi. Pale kina ni kirefu zaidi kwa hio wimbi halivunjiki, ndo maana mgeni anaona pametulia. Mkondo huo ukikolea unaweza kupita mita 2 kwa sekunde, hata muogeleaji wa Olimpiki hawezi kuushinda kwa muda mrefu. Haukuzamishi, unakutoa nje tu, na ukishapita mahali mawimbi yanapovunjikia unalegea wenyewe. Wanaozama wengi wanazama kwa kuchoka, wanapigana nao uso kwa uso kurudi walipotoka. Unachotakiwa ni kulala, kuelea, kuinua mkono kama yuko wa kukuona, na kwenda pembeni sambamba na ufuo ndipo urudi. Wazoefu wenyewe wanautumia kama lifti ya kuwapeleka nje bila kuchoka mikono. Lakini hiyo "kama yuko wa kukuona" ndo hoja yangu yote, Mhariri.

Mengine nayataja haraka. Ukianguka usitangulize kichwa, anguka ubavu au bapa na mikono ifunike kichwa, kwa sababu mchanga wa chini wimbi likikubamiza nao unavunja shingo kama sakafu ya saruji. Unapotembea kwenye maji ya magoti buruza miguu, usinyanyue, yule samaki bapa anayeitwa taa anajifukia mchangani na ukimkanyaga mwiba wake utausimulia. Na kabla ya yote uliza maji yako wapi. Sisi wa ziwani hatuna mambo ya kupwa na kujaa kwa hio hata swali lenyewe hatulijui, lakini kule mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3, ufuo uleule unaobembeleza saa nne unaweza saa tisa ukawa unakupigiza kwenye mchanga mkavu. Siku za maji mafu, tofauti hiyo inapokuwa ndogo, mambo yanakuwa ya pole kidogo. Haya yote anayajua yule mzee wa nyavu, yako kichwani, hana haja ya simu.

Ndo narudi kwa hao wavuvi ambao makala haikuwaona. Sijui kwa nini mtu akitembea mwendo mrefu akakuta hamna hoteli wala mwamvuli anaandika hamna mtu. Ziwa letu hilihili la Victoria, ndege ilipoanguka majini Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao na makasia, jina la mmoja wao, Majaliwa Jackson, likasikika kila redio, na kati ya watu 43 waliokuwemo 24 walitoka wazima. Hamna aliyekuwa amewaajiri wale watu kuokoa, walikuwepo tu, maana hapo ndo kazini kwao. Hapa kwetu Bujagali kabla maji ya bwawa hayajayafunika maporomoko mwaka 2011 kulikuwa na vijana waliokuwa wanashuka maporomoko wamekumbatia jerikeni tupu ya manjano, kifuniko kimekazwa, kwa pesa ya watalii. Watalii wakawa wanawaona wendawazimu, kumbe vijana wa watu wanajua kila jiwe lilipo na mto ukipungua ni jiwe gani linatokeza. Sisi wa rafti tuliokuja na vifaa vya ng'ambo tulikuta mto unajulikana tayari. Na mnamjua Italo Ferreira wa Brazil, aliyechukua dhahabu ya kwanza ya wanaume ya sefing Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa 2021 kwenye ufuo wa mchanga wa Tsurigasaki? Baba yake alikuwa anauza samaki, na yeye alianza kuteleza juu ya kifuniko cha boksi la foma la kuhifadhia samaki. Huyo hakutoka kwa mashabiki wa fukwe tupu, katoka bandarini kwa wavuvi.

Sasa kuna vijana hapa wameniambia basi tusiende mbali, twende Kalangala, visiwa vya Ssese vina mchanga na mawimbi. Haya. Mawimbi ya ziwa yanatokana na upepo wa hapohapo, yanakuja yamebanana, moja halijaisha lingine limekugonga, bodi haipati hata nafasi ya kuteleza. Upepo ukiwa mkali kiasi cha kuleta wimbi la maana wavuvi wenyewe wanatoka majini, kwa hio jueni. Na kichocho mnakijua, sina haja ya kuwaeleza. Kuoga sawa mkipenda, sefing hapana.

Kwa hio mimi sisemi watu wasiende Mambrui. Waende, tena mimi nauli ikipatikana nitakuwa mbele. Nasema mkifika msikimbilie maji. Karibu kila bandari ya wavuvi pale pwani ina kamati yao ya kusimamia ufuo, watu wanaiita BMU (Beach Management Unit), ulizia ilipo, wasalimie wazee, jieleze mnatoka Uganda mnataka kucheza na bodi, muulize maji yanapotokea leo yako wapi, halafu mlipe mmoja akae ufuoni na mtumbwi wake muda mtakaokuwa majini. Mlipeni vizuri, manake mnamtoa kwenye samaki. Najua mtu atasema hela, hela ndo shida. Umelipa basi zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Kampala mpaka Mombasa na bado hujafika, ukalipa la Malindi, chumba, bodi ya kukodi kwa saa, halafu pesa ya mtu mmoja wa kukutazama usife ndo imekuwa ghali? Na msiende mmoja mmoja. Hata mkiwa wawili, mmoja akiwa majini mwingine awe nje macho kwa mwenzie, asiwe anahariri vidio kwenye simu.

Kuna ninachojua mtanijibu, kwamba ukiweka mvuvi na mtumbwi pale basi ufuo hauko mtupu tena na ile raha imekwisha. Mi sioni. Wimbi bado ni lako, yeye halitaki, ana zake. Amekaa kivulini anakula muhogo wake na akikuona umeingia kwenye maji yanayotokea atapiga mluzi. Mkitoka majini samaki mnunue kwake hapohapo mchome, hiyo makala nyingine kabisa mnaweza kuandika.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mkitoa tena makala ya ufuo wowote wekeni na nyakati za maji kujaa na kupwa za wiki hiyo, halafu mwandishi azungumze na angalau mvuvi mmoja, aandike alichoambiwa. Na huyo mwandishi wenu akipita Jinja aje bandarini kwetu aulize watu wa rafti, nitamfundisha kutupa kamba ya kuokolea bure kabisa, ila aje siku za kati ya wiki, wikendi tunakuwa na wageni.

Wenu msomaji,
Mtu wa kayaki ya usalama,
Jinja