Msiikalie Habari: Barua kwa Wahadhiri Vijana wa Magharibi na Kanda ya Ziwa, Kenya

Kwa wanangu wahadhiri mlioko Maseno, Kakamega, Bondo, Bungoma na Kisii,

Nawasalimu kutoka Maseno. Nilistaafu kufundisha sayansi ya udongo, ila vijana bado wanapiga hodi kwangu na karatasi zao. Aliyekuja juzi ndiye aliyenifanya niandike. Ni mhadhiri msaidizi, anasomea uzamivu. Alifika Alhamisi jioni, na maombi ya ufadhili aliokuwa akiutaka yalikuwa yanafungwa Ijumaa. Pendekezo lake la utafiti lilikuwa zuri, wala sisemi hivyo kumfurahisha. Alichokosa ni barua moja tu yenye sahihi ya naibu chansela, naye alikuwa safarini. Nikamuuliza tangazo alilipata lini.

"Jumatatu, mama. Lakini idarani lilifika wiki sita zilizopita."

Sikulala vizuri usiku ule, kwa sababu yalinipata na mimi. Mwaka 1993 nilitumwa ofisini kwa mkubwa wangu kuchukua karatasi za mtihani. Nilipovuta droo nikaona bahasha ya kaki yenye stempu ya ng'ambo, imefunguliwa vizuri kwa kisu. Ndani mlikuwa na tangazo la nafasi za masomo kwa wahadhiri wa kilimo, na mstari mmoja ukiwahimiza wanawake waombe. Tarehe ya mwisho ilikuwa imepita majuma matatu. Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole kabisa kwamba alikuwa ameiweka mahali salama isipotee.

Basi ninyi mnaopokea matangazo kwanza, wakuu wa idara na waratibu, naanza na ninyi. Najua kinachowakalisha juu ya habari. Ni hofu kwamba mdogo wako atakupita. Lakini mwenzako akipata ruzuku, wanafunzi wa uzamili wanapata karo, maabara inapata mizani mpya, na jina la idara linaanza kutajwa. Someni tangazo kwa sauti kwenye mkutano, libandikeni ubaoni, litumeni kwenye kundi la WhatsApp siku lilipofika. Na kundi hilo liwe na wahadhiri wa muda pia. Hawa wanaopanda matatu asubuhi kwenda Kakamega na mchana wako Kisumu, malipo yao yakichelewa muhula baada ya muhula, ndio wanaoihitaji habari kuliko sisi sote, na ndio wasioambiwa.

Nanyi mnaotafuta, nafasi zipo. Hazina ya Kitaifa ya Utafiti iliundwa na sheria ya mwaka 2013, sheria ile ile iliyounda NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayotoa leseni za utafiti. Fedha zake hazijawahi kufikia ile asilimia 2 ya pato la taifa iliyoandikwa humo, na hilo linaniuma, lakini mwito wake ukitoka, ombeni. Walio kwenye kilimo wautazame RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika wa kilimo ulioko Makerere, Uganda, ulioanza mwaka 2004 na vyuo vikuu 10. Ruzuku zake huwabeba pia wanafunzi wa uzamili. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola una mpango wa kukupeleka Uingereza hadi miezi 12 huku ukibaki mwanafunzi wa uzamivu wa chuo chako cha hapa, nao unamfaa sana mwenye watoto wadogo. Mabinti zangu wanasayansi, OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea lenye makao Trieste, Italia, hufadhili wanawake wasome uzamivu katika nchi nyingine zinazoendelea. Tangu Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu itoe mwaka 2014 vigezo vya kumtaka mhadhiri awe na uzamivu, mhadhiri asiye na uzamivu anaishi roho mkononi. Msingoje kusukumwa.

Wekeni faili tayari leo: vyeti, orodha ya makala, barua mbili za wadhamini, na muhtasari wa utafiti wa kurasa mbili. Kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI havitoki kwa siku mbili, basi hesabuni kurudi nyuma kutoka tarehe ya mwisho. Saa sita usiku ya London wakati wa baridi ni saa tisa usiku kwetu, lakini usiitegemee saa hiyo. Stima ikipotea saa nane utamlilia nani? Tangazo linalokudai pesa ndipo maombi yako yapokelewe ni la matapeli. Na jarida linaloahidi kuchapisha makala yako kwa siku tatu ukilipa ada, likimbieni.

Jambo la kuombea pesa msilitafute mbali. Kule Mbita, wataalamu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, walianza na kero ya mkulima wa huku: mahindi yanayonyongwa na kayongo, lile gugu la maua ya zambarau, na viwavi wanaotoboa mabua. Wakapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi, na nyasi za nepia pembezoni mwa shamba. Desmodiamu inafukuza nondo wanaozaa viwavi hao na kulidhoofisha gugu, nepia inawavuta nondo watoke nje ya mahindi, na mkulima anabaki na lishe ya ng'ombe. Mbinu hiyo imesomwa na kuandikwa duniani kote. Ilianzia kwenye swali ambalo bibi yeyote wa Siaya angekuuliza.

Yule kijana nimemwambia atafute mwito mwingine, na safari hii tutaanza na barua ya naibu chansela kabla ya kugusa pendekezo. Jumatano na Ijumaa mchana nipo nyumbani. Leteni rasimu zenu zikiwa zimechapishwa kwenye karatasi, mistari iwe na nafasi ya kuandikia, na kila anayekuja aje na mwenzake mmoja wa idara ambaye hakuwa amesikia habari.

Mama yenu mstaafu,
Maseno