Unga wa rangi mbili kwenye kidonda wa nini jamani?

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Wiki mbili zilizopita nilidondoka na bodaboda Mbagala Rangi Tatu, goti likachubuka vibaya, nikaingia duka la dawa kununua pamba tu, muuzaji bila hata kuniuliza akafungua kapsuli ya rangi mbili, zile za antibayotiki (dawa ya kuua bakteria), akanimwagia ule unga kidondani kama anatia chumvi kwenye kachumbari. Yani nimeangukia Rangi Tatu natibiwa na rangi mbili! Kesho yake unga umegandamana na damu, mchanga umebaki humohumo chini. Zahanati nesi aliniosha kwa maji na sabuni huku ananisema, nikachomwa na sindano ya pepopunda.

Alichonieleza sijakisahau. Ngozi ndo ukuta, tabaka la juu ni seli zilizokufa zimebanana, na jasho na mafuta vinaifanya iwe na asidi kidogo ambayo vijidudu vingi haviipendi. Hata machozi na mate yana kitu kinachopasua bakteria, Fleming, yule mwanasayansi wa dawa ya penisilini, alikiandika 1922, penisilini yenyewe akaja kuiona 1928. Vumbi letu hili la Mbagala nalo linanaswa na kamasi, vinyweleo vidogo sana kwenye njia ya hewa vinalisukuma juu mpaka kooni, unameza bila kujua, asidi ya tumbo inamalizana na vijidudu vingi vilivyomo.

Sasa ukuta ukitoboka ndani ya masaa machache chembe nyeupe za damu zinafika hapo kwa fujo, mishipa inatanuka, ndo maana panakuwa pekundu, pa moto, panavimba. Usaha kwa sehemu kubwa ni maiti za hizo chembe. Sisi tukiona pamevimba kidogo tu, haya, rangi mbili! Mafua, rangi mbili! Wakati mafua ni virusi na antibayotiki haigusi virusi hata umeze boksi zima, unawafundisha tu bakteria usugu. Wekundu ukisambaa au homa ikapanda hapo sawa, nenda hospitali upimwe, sio dukani.

Wanaokagua maduka ya dawa wapite na huku kwetu, hizi kapsuli zinauzwa mbilimbili kama pipi.

Goti saivi lina kigaga, linawasha balaa ila sikikwangui.

Msomaji wako, Mbagala, Dar es Salaam