Mwanangu, kamba ikikaza, simama

Morogoro

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Sisi huku hatujambo, mvua zimeanza na mahindi ya nyuma ya nyumba yamesimama vizuri. Mama yako amenieleza jinsi mbwa wenu Tomi alivyovuta kamba na kukuangusha baada ya kumwona mbuzi, mkono ukateguka. Pole sana, mama. Amenieleza pia kwamba kuna mtu amewashauri mnunue mnyororo wa kukaba, ule wenye meno kwa ndani. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Nataka haya mkae nayo na kuyasoma pamoja kabla hamjaenda dukani.

Mnyororo huo msiununue. Nimehudumia wanyama maisha yangu yote ya kazi, na shingo ya mbwa naijua. Hapo pana koo la hewa, mishipa mikubwa ya damu na tezi, vyote viko karibu kabisa na ngozi. Mwaka 2006 madaktari wa wanyama huko Marekani walichapisha utafiti: mbwa akivuta akiwa amevaa mkanda wa shingoni, presha ndani ya macho yake hupanda, akivuta akiwa na mkanda wa kifuani, haipandi vile. Hapo hakuna meno, ni mkanda wa kawaida tu. Halafu kuna hili ambalo mimi linanitisha zaidi: mbwa anayechomwa shingoni kila anapomwona mtoto au mbwa mwenzake, anaweza kuamini kwamba maumivu yanaletwa na yule mtoto. Mtakuwa mmemtoa kwenye kuvuta mkamtia kwenye kung'ata.

Tomi havuti kwa jeuri, wala hataki kuwa bwana wa nyumba yenu. Anavuta kwa sababu kuvuta kunamfikisha anakotaka. Mwendo wake wa kawaida ni wa haraka kuliko wako, na kutwa nzima anashinda bandani. Lango likifunguliwa, kila nguzo ya umeme ina harufu mpya. Anakaza kamba, wewe unasogea hatua mbili, pua inafika kwenye nguzo. Hapo umeshamlipa, na kesho atavuta tena.

Basi kamba iliyokaza isimpeleke popote. Ikikaza, simama. Usimvute kurudi nyuma wala usimfokee. Kamba ishike kwa mkono ulio mzima, uubane kiunoni, usubiri. Atavuta, pengine atalialia, kisha atageuza kichwa kukuangalia au atarudi hatua moja. Papo hapo kamba italegea na kuning'inia katikati. Wahi hapo hapo: mwambie "safi", mpe kitu, muendelee. Ukichelewa kidogo tu, atakuwa ameshakodolea kuku macho na atadhani umemsifia kwa hilo. Kitu chenyewe kitoe ubavuni pako, usawa wa paja, usikitangulize mbele. Mbwa hupenda kukaa pale chakula kinapotokea.

Mpe maini yaliyochemshwa, vipande vidogo vya ukubwa wa punje ya hindi, au dagaa wakavu wa Mwanza wasio na chumvi. Mpunguzie chakula cha jioni kwa kiasi hicho. Vyenye kitunguu usimpe kabisa, vinaharibu damu ya mbwa.

Unawakumbuka panya buku wa hapa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wale wa APOPO, shirika linalowafundisha kunusa mabomu ya ardhini? Tangu wakiwa wadogo wanafundishwa hivyo hivyo: akifanya sawa anasikia mlio mfupi wa "klik", kisha anapata ndizi. Wale wa mabomu ya ardhini huvalishwa mkanda mdogo mwilini, ukaunganishwa na kamba iliyonyooshwa kati ya watu wawili, na panya anakwenda mwenyewe akinusa. Hakuna anayemburuta. Magawa, aliyezaliwa hapa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Mnyama wa kilo moja na kitu alifundishika hayo kwa ndizi. Sioni kwa nini Tomi asifundishike kutembea hadi dukani kwa dagaa.

Anzeni ndani ya uwanja, lango likiwa limefungwa. Kwanza mwache akimbizane na mpira ili mori upungue, ndipo mumvalishe kamba. Akiweza kuzunguka nyumba kamba ikiwa imelegea, ndipo mtoke, na mtoke alfajiri kabla barabara haijajaa bodaboda na wanafunzi. Siku za mwanzo hamtafika mbali. Pengine mtaishia kwa jirani wa pili, na inatosha. Na kunusa msimnyime, mwanangu. Akitembea vizuri kipande cha njia, mwambie "haya, nusa", umwache na nguzo yake. Kwa mbwa hiyo ni zawadi kuliko maini.

Kamba iwe ya kawaida, ya mita moja na nusu hadi mbili. Ile inayojikunja kwenye kibweta msiitumie, kwa sababu inabaki imekaza muda wote, nayo inamfundisha kwamba akivuta inaongezeka. Usiizungushe kwenye kiganja. Nina hakika mkono wako uliteguka kwa hilo.

Sasa Baba Imani na kijana anayewasaidia nyumbani nao wafuate hayo hayo. Wewe ukisimama halafu jioni kijana akaburutwa mpaka sokoni, Tomi atajifunza kwamba kuvuta kunalipa siku nyingine, na mbwa aliyejua hivyo huvuta kwa bidii zaidi kuliko anayelipwa kila siku.

Kuna jambo la majirani pia. Mtaa wenu una Waislamu wengi, na kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa zaidi kwetu, mate ya mbwa yakigusa nguo au mwili ni lazima kuosha mara saba, mara moja kwa udongo. Mzee anayewahi swala ya alfajiri ukimwona kwa mbali, fupisha kamba, vuka upande wa pili, umsalimie kutoka huko. Atakuheshimu kwa hilo. Na chanjo ya kichaa cha mbwa isipite mwaka. Cheti kiweke mahali unapokiona, maana siku mtu akikwaruzwa, la kwanza kuulizwa ni hicho.

Mkanda wa kifuani nitauleta mimi. Kuna fundi viatu hapa mjini anashona ngozi vizuri, nimeshazungumza naye auwekee pete mbele, usawa wa kidari, ili Tomi akivuta ageuke kukuelekea badala ya kusukuma mbele. Mwambie Baba Imani achukue uzi, auzungushe kifuani kwa Tomi nyuma kidogo ya miguu ya mbele, kisha aupime kwa rula na kunitumia sentimita zake kabla ya Jumamosi. Aache nafasi ya vidole viwili.

Ni mimi baba yako