Mnunuzi wa ng'ombe aje wakati wa tahadhari

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja kuhusu misaada ya ukame wanayopelekewa wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, nalo ni wakati inapofika. Wengi wanaoandika juu ya ukame hulalamikia uchache wa misaada hiyo. Mimi nimefuga Garba Tula, Kaunti ya Isiolo, kwa zaidi ya miaka 20, na ninaamini kwamba hata hicho kidogo kinachotolewa kingeokoa mifugo mingi zaidi kama kingetufikia miezi mitatu mapema.

Onyo hatulikosi. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, hutoa taarifa kila mwezi kwa kila kaunti kame, ikieleza hali ya majani kama inavyoonekana kwa setilaiti, umbali wa kwenda majini, kiasi cha maziwa kinachokamwa, na bei ya mbuzi ikilinganishwa na bei ya mahindi. Kwa vipimo hivyo kila eneo huwekwa katika hatua yake: kawaida, tahadhari, hatari, dharura, kisha kujikwamua. Ninayoisemea ni tahadhari. Wakati huo nyasi zimepungua, lakini ng'ombe angali ana mnofu mgongoni, anafika mnadani kwa miguu yake, na dalali anaona haya kumtajia mwenye mali bei ya kejeli. Hatua ya hatari ikifika, mbavu zinahesabika. Dharura ikifika, tunawainua kwa mkia kila asubuhi, na ng'ombe wa kuinuliwa kwa mkia hana wa kumnunua.

Ukame ulioanza kwa kukosekana kwa mvua za Oktoba hadi Desemba 2020, na kuendelea kwa misimu mitano mfululizo, uliua zaidi ya mifugo milioni 2 katika nchi hii. Ulitangazwa kuwa janga la kitaifa Septemba 2021, wakati misimu miwili ilikuwa imekwisha kupita bila mvua ya kutosha. Mimi niliuingia ukame huo na ng'ombe 34. Mpango mmoja wa kununua mifugo, ambao sitautaja kwa kuwa nia yake ilikuwa njema, ulituletea malori mwaka 2022, kila boma likaruhusiwa kuuza ng'ombe wawili. Nilikuwa nimebakiwa na 11, na kati yao ni watatu tu walioweza kutembea hadi pale malori yaliposimama. Mmoja akakataliwa.

Wiki chache baadaye tukagawiwa nyasi kavu, marobota manne kwa kila boma. Nitaomba uvumilivu wa wasomaji kwa hesabu ndogo. Ng'ombe wetu wa kilo 250 anahitaji kilo 6 hivi za nyasi kavu kwa siku, na robota moja lina kilo 15 au pungufu. Marobota manne basi ni kilo 60, na ng'ombe tisa waliokuwa wamesalia kwangu walihitaji kilo 54 kwa siku. Msaada ule, ambao ulisafirishwa kwa lori kwa gharama ambayo naamini ilizidi thamani ya nyasi zenyewe, ulikuwa chakula cha siku moja.

Sasa chukua hesabu hiyohiyo uirudishe nyuma hadi wakati wa tahadhari. Kama mnunuzi angekuwapo, ningeuza fahali wote wakubwa, ng'ombe wazee na wale wasioshika mimba, nikabaki na mitamba na majike bora, tuseme 12. Kuwalisha 12 nusu ya haja yao, ili wasife tu, kwa siku 120 ni kilo 4,320, yaani marobota 288. Si mzigo mdogo, lakini mwenye fedha za fahali kadhaa mkononi anaweza kuagiza nyasi au mabua ya ngano kutoka upande wa Timau kabla bei haijapaa, akapata na akiba ya dawa ya minyoo. Mwenye mizoga haagizi kitu.

Nitajibiwa kwamba wafugaji hawataki kuuza. Kuna ukweli ndani yake, nami sitaukwepa. Ng'ombe kwetu ni maziwa ya watoto, ni mahari, ni deni la ndugu, na anayeuza mapema halafu mvua ikanyesha huwa kichekesho cha kijiji. Lakini wanaosema hivyo wasisahau kwamba tunapoamua kuuza, tunaamua sote kwa wiki moja, mnada unafurika, na bei inaporomoka kabla jua halijawa la utosi. Ndiyo maana nasema mnunuzi wa umma anahitajika hapo, mwenye bei ya chini kabisa iliyotangazwa mapema.

Bima ya mifugo imekwisha kutuonyesha kwamba kumsaidia mfugaji mapema kunawezekana. Ilipojaribiwa Marsabit mwaka 2010 ilikusudiwa kufidia mifugo iliyokwisha kufa. Serikali ilipoanzisha mpango wake mwaka 2015 kule Turkana na Wajir, baadaye ukafika Isiolo, malipo yalipangwa yatoke mapema, setilaiti inapoonyesha kwamba malisho yameharibika, ili mfugaji anunue chakula mnyama angali hai. Ina kasoro zake, kwani hupima eneo zima na jirani yangu anaweza kuwa na nyasi nisizo nazo mimi, lakini katika suala la wakati waliitengeneza watu waliotuelewa.

Jambo jingine linahusu maji. Waborana tuna dedha, baraza la wazee linaloamua malisho yapi ni ya masika, yapi ya kiangazi, na yapi yasiguswe hadi ukame mkali. Mara nyingi msaada huja kwa sura ya kisima kipya cha mashine katikati ya malisho ya akiba, bila wazee kuulizwa. Kisima kikifunguliwa, mifugo hukaa pale mwaka mzima, na ukame ukija akiba imekwisha kuwa vumbi. Afadhali fedha hizo zingetengeneza jenereta za visima vilivyopo.

Wanaopanga misaada wakumbuke pia kwamba vifo havikomi siku mvua inaponyesha. Mbuzi na ng'ombe waliodhoofika hufa kwa baridi ya mvua ya kwanza, wengi kwa usiku mmoja, wakati ambapo magari ya misaada yamekwisha kuondoka.

Sheria ya NDMA ya 2016 ilianzisha Hazina ya Kitaifa ya Dharura ya Ukame. Ombi langu kwa wabunge wetu na kwa serikali ya kaunti ni kwamba sehemu ya fedha hizo itengewe ununuzi wa mifugo, na itolewe mara tu eneo linapotajwa kuwa katika tahadhari, bila kusubiri tangazo kutoka Nairobi. Mpango wa dharura wa kila kaunti uandike kabla ya Oktoba ni mnada upi utakaotumika, bei ya chini ni ipi, na kila boma litauza wangapi. Nayo taarifa ya kila mwezi, ambayo sisi huisikia kwa wanaojua Kiingereza, isomwe kwa Kiswahili na Kiborana redioni na katika baraza la chifu, siku ya mnada, wenye mifugo wakiwa wamekusanyika.

Mfugaji,
Garba Tula, Isiolo