Mabati 36 kabla ya masika

Kwa wakazi wa mtaa wetu hapa Mbagala, wazazi na walezi, na ninyi mliohamia Chanika, Kibaha, Mwanza na hata Muscat lakini mkiulizwa kwenu bado mnataja huku: asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Sisi wasimamizi wa darasa la jioni tunaandika tukiona haya. Paa la ukumbi wetu lilishachangiwa mara moja, na wengi wenu mlitoa. Leo tunarudi na ombi lile lile, kwa hiyo mna haki ya kujua kwanza bati lile limekufa kwa nini.

Liliezekwa limelala mno. Ukumbi una upana wa mita 7, lakini kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zimeinuka nusu mita tu pale katikati. Kwa mwinuko huo maji hayakimbii, yanajivuta, na upepo wa mvua ukivuma yanarudi nyuma na kupenya pale bati moja lilipolalia jingine. Kila upande una vipande viwili vifupi, na vimelaliana upana wa kiganja tu. Kisha misumari ikapigwa bondeni, kwenye mfereji ambao ndiyo njia ya maji, badala ya mgongoni. Bati lenyewe ni geji 32, jembamba (kumbuka, geji ikipanda bati linapungua unene), na hewa yetu ya chumvi haikulihurumia: kutu ilianza kwenye matundu ya misumari ikasambaa. Lami tuliyopaka mwaka jana ililainishwa na jua la Februari ikaachia. Kuziba paa la namna hii ni kutupa fedha, na tumeshazitupa za kutosha.

Sasa mvua kubwa ikinyesha maji yanafuata waya wa taa ya katikati, yanateremka mpaka kwenye holda, yanadondokea meza ya watoto. Tangu vuli, mawingu yakikusanyika tu tunazima swichi kuu, watoto wanabanana kona moja iliyobaki kavu, na vitabu vinafunikwa turubai. Darasa la usiku limesimama kabisa. Masika yanaanza Machi. Yakitukuta hivi, ukumbi utafungwa mpaka Juni.

Wengine watasema, wakikaa nyumbani wiki chache kuna nini? Anayeujua mtaa huu hahitaji jibu refu. Shule zetu za msingi zilizojaa zinasomesha kwa zamu mbili, kwa hiyo mtoto wa zamu ya asubuhi anakuwa huru mchana. Mama yake ameondoka alfajiri kwenda Feri au Kariakoo, na kwa foleni ya Rangi Tatu hatarudi kabla ya magharibi. Hizo saa sita hazina mwenyewe. Darasa la jioni lilianzishwa kuzishika, na ratiba yake imepangwa kwa adabu ili isigombane na madrasa: wanaokwenda huko alasiri wanaingia saa 8 hadi 9:30, wengine saa 9:30 hadi 11:30. Ni Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa hatufungui.

Hatuwapangi watoto kwa darasa la shule. Kila anayeingia anasomeshwa kwanza herufi, kisha silabi, kisha maneno, kisha aya fupi, na anapokwama ndipo anapoanzia. Mtoto wa darasa la nne anayekwama kwenye silabi za "mba" na "ngw" anakaa na wa darasa la pili, na tunamwambia mzazi wake waziwazi kwamba upimaji wa kitaifa wa mwaka huu utampiga tusipoanza hapo. Kundi halizidi watoto 15. Likizidi, wale wa nyuma wanaitikia kwa sauti kubwa bila kusoma neno, na mwalimu aliyechoka hatagundua.

Kwa vijana shida ni nyingine, na Januari hii inaonekana wazi kuliko miezi yote. Mtoto amemaliza la saba akijua sehemu na asilimia kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza na kukuta hesabu ile ile imebadilishiwa lugha. Ananyamaza. Mwalimu anamwandika mzito. Dawa yake tunayo na ni ya bei ndogo: daftari la safu mbili, neno la Kiingereza kushoto na maana ya Kiswahili kulia, maneno 10 kwa siku, siku nne kwa wiki. Hadi likizo ya Juni yanapita 600, na mengi ni yale yanayojirudia kwenye karatasi za mtihani wa kidato cha pili. Lakini wengi wa vijana hawa jioni wanauza, wanachota maji au wanalea wadogo zao, kwa hiyo nafasi yao ni saa 1 hadi 2:30 usiku. Bila taa hakuna darasa lao. Wasichana walikuwa wanarudi nyumbani kwa makundi ya njia moja, na mtu mzima mmoja nyuma yao. Darasa liliposimama, makundi hayo nayo yakavunjika.

Wazazi wana Jumamosi yao, saa 10 jioni. Wanajifunza kukagua daftari hata kama hawajui Kiingereza: tazama tarehe, tazama kalamu nyekundu, uliza kwa nini wiki mbili hazina alama. Tunazungumza pia ukali usiojenga, simu za usiku, na namba 116 ya kupiga bure mtoto anapodhulumiwa. Akina baba wanakuja wachache. Wanajijua.

Sasa kinachotakiwa. Ukumbi una urefu wa mita 12. Ukiongeza nusu mita ya kivuli (paa linalotokeza nje ya ukuta) kila upande, paa ni mita 13. Tunataka bati la migongo mipana, geji 28, likatwe kiwandani kwa urefu wa mita 4.4 ili lishuke kutoka juu hadi chini bila kiungo. Upande mmoja mabati 18, jumla 36. Kofia saba za mita 2 za kufunika kilele cha paa. Kenchi 11 zinainuliwa upya. Boriti za chini ni nzima na zitabaki, kwa hiyo tunahitaji mbao 50 za 2x4 na 46 za 2x2, zote za futi 12 na zilizotiwa dawa, maana mchwa wa Mbagala hawachagui. Misumari 1,100 yenye mpira, na safari hii itapigwa mgongoni, mtu akiwa amesimama chini anahesabu.

Gata na tenki la lita 5,000 vinaweza kusubiri, ila tunavitaja kwa wenye uwezo. Paa hilo linafunika mita za mraba 104, kwa hiyo mvua ya milimita 10 inaleta karibu lita 1,000. Maji ya kunawa na kuosha vikombe tutaacha kuyanunua kwa ndoo.

Uji haumo kwenye hesabu ya paa, lakini ukikosekana mahudhurio yanashuka siku hiyo hiyo. Watoto 60, kikombe cha mililita 300 kila mmoja, ni lita 18, yaani kilo 2 za unga na kilo moja ya sukari kwa siku. Mkileta unga wa lishe, tafadhali usiwe na karanga zilizosagwa zamani. Kwa unyevu wa ukumbi huu unachacha na kuota ukungu wenye sumukuvu, na mwaka jana tulilazimika kumwaga sadaka ya watu.

Hatukuandika bei kwa kuwa bati na mbao hazikai bei moja wiki mbili. Changia kwa kitu: bati moja, nusu bati, mbao tano, misumari mia. Ada iliondolewa kwenye sekondari za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, tangu 2016, na tunashukuru, lakini wapo waliodhani na mchango wa mtaa umeondolewa pamoja nayo. Kadi ya harusi ikija tunalipa, ya kichenpati tunalipa na sare tunashona, yote kwa siku moja inayokwisha na spika kuzimwa. Hatusemi msichangie harusi.

Fedha zipite kwenye Lipa Namba ya kikundi pekee, ile iliyochapwa kwenye kadi za mchango zilizopo msikitini, kanisani na ofisi ya serikali ya mtaa. Ukipata ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", ufute. Watia sahihi ni watatu, manunuzi yote yana risiti ya EFD (mashine ya kodi), na orodha ya waliotoa na kilichonunuliwa itabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mtaa kila Jumatatu.

Mwisho wa kupokea michango ni Februari 15, kwa sababu kiwanda kinahitaji siku za kukata na fundi anataka wiki mbili kavu. Mabati ya zamani msituletee, hata yakiwa mazima: matundu yake hayatalingana na papi zetu (zile mbao za 2x2 zinazopigiliwa bati). Ila mwenye ngazi ndefu na turubai kubwa atuazime kwa siku hizo 14, maana paa likishafunuliwa vitabu havina pengine pa kwenda.