Mama Glory, nisaidie kabla sijaenda shuleni

Mama Glory wangu, za siku jamani! Najua umeninunia, simu sipokei, meseji sijibu, mambo ya kufunga hesabu za saccos yamenimaliza. Huku Moshi wazima, baridi tu, Baba Junior anakohoa ila mdomo uko palepale. Sasa nisikilize maana wewe ndo mwalimu.

Junior si yuko la sita. Wakapewa insha ya mvua kubwa, mtoto kaandika habari za kihambani kwa babu yake, eti "migomba ilianza kupigiana makofi kabla mvua haijafika." Nikajiuliza huyu katoa wapi maneno haya. Na mwalimu kajiuliza hivyohivyo, ila yeye kwa kalamu nyekundu: "Nani kakuandikia?" Maksi kakata, halafu kamsimamisha mbele ya wenzake aseme ukweli. Ukweli upi sasa! Mimi na babake tungeiweza wapi insha ile.

Wala sio maksi zinazoniuma. Juzi nafungua daftari nakuta insha mpya, safari ya soko la Kiborloni. "Tulikwenda sokoni. Kulikuwa na watu wengi. Tulinunua nyanya." Mpaka mwisho hivyohivyo kama risiti. Kapata 17 kwa 20, na "vizuri" juu yake! Namuuliza mbona hivi baba, ananijibu, "mama, hii hawezi kusema nimekopi." Yaani kaharibu kusudi.

Mwalimu mwenyewe simlaumu saana, darasa limefurika na kweli wapo wanaoandikiwa na dada zao. Ila si angempa karatasi tu aandike nyingine palepale? Si wewe ulinihadithia ukiwa chuo, wale watafiti kina Rosenthal na Jacobson wa Marekani, 1968, walimu wakaambiwa watoto fulani watachanua mwaka huu, kumbe majina yaliokotwa tu, na wale wa la kwanza na la pili wakaonekana kupanda? Nilikucheka siku ile. Sasa mwalimu akimwamini mtoto anapanda, akimshuku je?

Babu ndo kachachamaa, anasema yule mchoraji Elimo Njau wa Marangu alipofika Makerere alimkuta Margaret Trowell, mwalimu aliyetaka wanafunzi wachore ya kwao, na ndo baadaye Njau akachora Yesu Mwafrika kwenye kanisa kule Murang'a, Kenya. Anataka aende mwenyewe shuleni na fimbo yake, nimemficha nauli.

Halafu sisi tunajijua. Wewe shairi lako mwalimu wetu alilisoma paredi, mpaka leo hakuna harusi hujashika maiki. Mimi yuleyule mwalimu akaniambia baki na hesabu zako, na nimebaki kweli, hata kadi ya mchango namtafuta wa kuniandikia. Ndo maana hii ya Junior imenikaa hapa kooni.

Sasa niende nikamwambie nini huyo mwalimu asije akamchukia mtoto? Au nikae kimya, nimnunulie daftari la nyumbani aandike migomba yake asiione mtu? Wewe ungekuwa yeye ungependa mzazi akujie vipi? Glory je, bado anachora kutani? Mnakuja lini, au Arusha imewameza? Na lile hotpoti langu la tangu kipaimara, utalirudisha au nihesabu limekufa?

Mama Junior